Mkindu wa Mama Kwenye Baridi

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikiwa namwagilia miche, akaniambia nimtumie mbegu za mkindu wake. Aliuliza kwanza habari za Garsen, akauliza mvua, akauliza kama mbuzi wa jirani bado wananiingilia kitaluni. Halafu akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, "Nichagulie makindu yaliyoiva vizuri, mwanangu, utume na basi. Nataka kupanda huku."

Huku maana yake Kinangop, milimani kwenye baridi, kwa mdogo wangu. Nilimwagilia mche uleule mara tatu, simu sikioni, mpaka mama akauliza kama nimeishiwa na chaji.

Mtu wa nje ataona mama ameomba mbegu, basi. Ngoja nieleze. Upande wa mama, wanawake wote ni wasukaji wa mikeka, na kila mmoja ana mkindu wake anaoukata ukindu. Msichana akiolewa anabeba mbegu za mkindu wa mama yake, anaenda kuzipanda kwa mumewe. Kabla mche haujashika, yeye ni mgeni tu. Anaweza kulima pale, anaweza kuzaa pale, lakini mashangazi wakiulizana habari zake wanasema bado yuko njiani. Siku mkindu utakapotoa jani la kwanza lililochanika, maana majani ya mwanzo hutoka mazima kama nyasi, ndiyo wanasema amefika. Akishafika hakuna tena wa kumngojea nyumbani. Bibi alifika hivyo. Mama alifika hivyo Ndera, kwa baba. Mimi nami nilifika hivyo kwa marehemu mume wangu, mashamba machache tu kutoka kwa mama, kwa sababu sikutaka kukaa mbali naye, na sioni aibu kusema.

Mdogo wangu peke yake hakubeba mbegu. Aliolewa na mtu wa Kinangop waliyesoma naye chuo cha ualimu, na wakati wa kufunga mizigo alicheka, akasema huko kuna baridi, mkindu utakufa siku ya kwanza. Mama alinung'unika kidogo, akamsamehe. Yeye husamehewa kila kitu. Ndiye kitinda mimba. Tukiwa wadogo kichwa cha kambare kilikuwa chake, mimi nikipewa mkia na maneno matamu.

Kwa hiyo mama alipoomba mbegu nilielewa anaomba nini. Alikuwa anahama. Si kwa mume, amekwisha kuwa mjane siku nyingi, bali kwa binti yake mdogo. Na aliyetakiwa kumfungia mzigo ni mimi.

Nina wivu, nalisema waziwazi ili mtu asijisumbue kunitafutia jina zuri. Watu husema nina uchungu na mama. Ndiyo, ninao, lakini uchungu haumfanyi mtu achukie koti. Mimi nililichukia koti alilonunuliwa mama kule kabla sijaliona, kwa kuonyeshwa picha yake tu kwenye simu.

Alifikaje huko? Mto ulifurika, kama unavyofurika, ila mara hiyo ulikuja na hasira. Pale Ndera ulichukua nyumba ya mama, jiko lake, na mikeka aliyokuwa ameishona tayari kwa kuuza. Nyumba yangu nayo ikaenda. Tukahamia kwenye tuta la barabara, chini ya turubai, sisi na kuku na majirani. Mama akashikwa na kifua. Nilimkanda, nilimchemshia majani, nilimbeba mgongoni kumpeleka kwa daktari aliyekuja na mashua. Halafu mdogo wangu akatokea, ndani ya gari la mumewe, kavaa gambuti jipya, akasema anamchukua mama akapumzike kidogo, maji yakishuka atamrudisha.

Maji yalishuka. Mama hakurudi.

Kwanza ilikuwa kifua kipone. Kisha ikawa shemeji amesema asisafiri wakati wa mvua. Baadaye ikawa hakuna sababu yoyote, mama yuko tu. Mimi nikahamia Minjila, papo hapo karibu na Garsen, mahali palipoinuka ambapo mto ukitaka kunifuata itabidi upande, nikafungua kitalu cha miche kando ya barabara. Nauza miembe, miarobaini, mikorosho, na mikindu, maana hoteli za Malindi zinaipenda. Nilipopata nguvu nilijenga nyumba ya vyumba viwili. Kimoja changu. Kingine cha mama, mlango umeelekea mashariki kama anavyopenda, kitanda cha mninga, godoro ndani ya nailoni yake. Sikuitoa ile nailoni. Nilisema atakuja aitoe mwenyewe, ajue hakuna aliyelilalia.

Basi nikaenda Ndera kutafuta mbegu za mtu ninayetaka asipande. Mkindu wa mama ulikuwa umesimama pale pale ukingoni, mto ulibeba nyumba na kuuacha, vichwa vyake vyote vimejaa makindu ya rangi ya chungwa. Nilikaa chini yake nikanuna. Nilijiambia, chukua zilizokauka, zile zilizopigwa na jua mpaka zinagonga ndani kama njuga. Hizo haziwezi kuota hata ukizilaza na mtoto kitanda kimoja. Nani atajua?

Mimi ndiye nitajua. Hapo ndipo niliposhindwa. Wivu ninao, lakini jina langu kwenye mbegu ni kubwa kuliko wivu wangu. Watu hutoka Hola, hutoka Witu, kuja kuuliza miche kwangu, na hakuna aliyewahi kurudi akasema mche umekufa mkononi kwa sababu ya mbegu. Nimtumie mama yangu mzazi takataka, ili mdogo wangu apate kusema mbegu za dada hazioti? Afadhali nife. Nikakusanya zilizoiva, laini, nikajaza kikapu.

Nilivyozisafisha nazo ni namna yetu. Makindu niliyamwaga mbele ya mbuzi wa jirani yangu, mama mmoja wa Kiorma ambaye zizi lake limepakana na kitalu changu. Mbuzi hula nyama yake tamu, halafu wakitulia kucheua wanatema mbegu zizini, safi, zimelainika, na mbegu iliyopita kwa mbuzi huota upesi kuliko uliyoimenya kwa kisu. Asubuhi niliingia zizini nikaziokota moja moja kwenye samadi, jirani amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai akinitazama.

"Unamtumia nani hizo?"

"Mama."

"Sasa mbona umenuna kama mtu aliyeibiwa ndama?"

"Nimeibiwa mama," nikamwambia.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye mama yake anakaa naye, analala kwenye kibanda cha pili, anamgombeza mchana kutwa kuhusu maziwa. Yeye atamwonea wivu nani?

Mbegu zilikwenda na basi. Mama akaziloweka, akazifukia kwenye kopo lenye mchanga, akalifunga kopo kwa leso na kuliweka kando ya jiko la kuni, kwa sababu kule nje hakuna mbegu ya mkindu itakayoamka. Akawa ananipigia kila siku kunipa habari za kopo. Nami, Mungu ananiona, nilikuwa nangojea ile simu. Kwa muda huo mama alikuwa wangu tena. Mdogo wangu hajui kitu kuhusu mbegu. Alitaka kuzifukua aone kama zimeoza, mama akampa simu niongee naye, nikamwambia asithubutu, mkindu hutoa kwanza uzi mweupe unaoshuka chini, unaenda kutafuta maji kabla haujafikiria kutoa jani, ukifukua umeukata shingo. Akasema, "Sawa, dada." Nilifurahi kumsikia akisema sawa.

Zikaota. Jani moja moja, jembamba kama nyasi. Mama akauliza azihamishie wapi, nikamjibu bila kufikiri mara mbili, kama nimjibuvyo yeyote Minjila, "Tafuta bondeni, mama, karibu na maji. Chimba shimo, uupande chini ndani ya shimo. Mkindu unataka miguu yake iwe kwenye unyevu." Mama akasema hata yeye ndivyo alivyofikiri, na mahali ameshapaona, kule chini ya shamba la shemeji ambako kijito kinapita. Kila mtu wa mtoni angesema vivyo hivyo. Sisi tangu tuzaliwe tunapanda chini, kwa sababu juu kuna ukame na chini kuna matope ya mto.

Miche michache ya kwanza ilikufa. Mama alisema ilikuwa kijani jioni, asubuhi imekuwa rangi ya chai, na mchana imelegea kabisa. Nikampa pole kwa sauti ya msibani. Nilipokata simu nilifua nguo zote za nyumbani nikiimba. Jirani akanichungulia juu ya ua akauliza kuna harusi.

Mama akaotesha mingine, akaipanda kulekule, kwenye mashimo marefu zaidi ili, kama alivyosema, ijifiche na upepo. Ikafa yote. Hapo ndipo aliponipigia akiwa amechoka, sauti imeshuka, akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyangojea tangu siku ya gari na gambuti.

"Nimebakiwa na mmoja, mwanangu. Huu nao ukifa sitaomba mbegu tena. Nitajua huku nimekataliwa. Nitakuja nyumbani."

Nilipiga chumba cha mama deki siku hiyohiyo. Nilifua pazia, nikalianika, nikalirudisha. Nikamwambia jirani mama anakuja, akaniletea kibuyu cha maziwa ya kumlaki. Kisha nikaona sina subira ya kungojea mche ufe nikiwa mbali. Nitakwenda kumchukua mwenyewe, asije akaletwa na gari la shemeji kama gunia la kabichi. Nikapanda basi na kanga mbili na sweta la kuazima.

Baridi ile siwezi kuieleza kwa mtu wa Garsen. Nilishuka meno yakigongana. Shemeji alikuwa kituoni akiningojea na koti mkononi, akanivisha mwenyewe, akanibebea mfuko, akaniita dada njia nzima. Ni mtu mwema. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mlevi.

Na mama. Mama alitoka mlangoni na lile koti nililolichukia, kofia ya sufu masikioni, mashavu yamejaa. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kusema, mnamfanya nini mama yangu? Amenenepa. Alinikumbatia, akanipeleka jikoni, akaniambia niketi nile waru. Waru! Mama yangu, mtu wa wali na ndizi, anaita viazi waru kama amezaliwa huko. Kando ya jiko alikuwa ameketi mama mkwe wa mdogo wangu, kikongwe wa rika la mama, na wawili hao wanaongea, huyu kwa Kiswahili chetu, yule kwa Kikikuyu chake, hakuna anayemjibu mwenzake sawasawa, wanacheka mpaka wanashikana magoti. Ile kofia kumbe ni yule bibi aliyemfumia. Nilimaliza waru zangu zote. Zilikuwa tamu, hilo nalo likaniudhi.

Mche wa mwisho ulikuwa pale kando ya moto, kwenye kopo lake, umefungwa leso ya mama ninayoijua tangu utoto. Majani mawili membamba. Niliutazama, nikauambia moyoni, wewe ni nauli ya mama.

Jioni tukila, mdogo wangu akaanza. Ana sauti ya upole, ya mwalimu wa watoto wa chekechea, na upole huo ndio hunipandisha hasira upesi kuliko matusi.

"Dada, sisemi vibaya. Lakini labda tuseme ukweli, mbegu za Garsen ni za joto. Ni dhaifu kwa huku. Baba watoto ameona jamii ya mikindu inauzwa Nairobi, wanaleta kutoka ng'ambo, haidhuriwi na baridi. Imeshakuwa mikubwa, ina majani tayari. Tumeamua tutamnunulia mama mmoja, tuuweke pale mbele ya nyumba. Asihangaike tena."

Niliweka kijiko chini. Mama alikuwa anapondaponda waru kwenye sahani yake.

Yaani unaona? Mama afike kwa mkindu wa dukani. Mti uliooteshwa na mtu asiyemjua, kutoka mti asioujua, uletwe kwenye lori, utiwe shimoni, na mashangazi waambiwe amefika. Na kwangu ibaki sifa ya mbegu dhaifu. Nilitaka kusema mengi, nikaogopa nitaaibisha shemeji mezani kwake, nikasema nimechoka na safari.

Niliamka kukipambazuka kwa sababu ya baridi, nikatoka nje kutafuta jua. Sikulipata, lakini niliona kitu. Kule chini bondeni, kando ya kijito, majani yote yalikuwa meupe. Nilidhani ni moshi umelala. Nikashuka. Ulikuwa umande umeganda, unalia chini ya gambuti nililoazima mlangoni, na mashimo ya mama yalikuwa yamejaa weupe huo mpaka ukingoni, na miche iliyokufa imelala ndani yake, myeusi. Nikageuka kutazama juu nilikotoka. Nyuma ya jiko, kwenye mwinuko, udongo ulikuwa mweusi, mbichi, na sukuma wiki za bibi mkwe hazijaguswa. Katikati ya mteremko kulikuwa na mstari kabisa, chini yake nyeupe, juu yake kijani, kama alama ambayo mafuriko huacha kwenye ukuta wa nyumba.

Nilichutama nikaugusa ule mstari kwa kidole. Baridi ya huku inafanya kama mto wetu. Inashuka usiku, inajaa mahali pa chini kwanza, na kilichoko shimoni kinazama. Mama aliipanda mikindu mahali pa kuzama. Nami ndiye niliyemwelekeza. Sisi watu wa mtoni, tuliohama Ndera kwa miguu yetu kukimbilia Minjila juu, tukaja Kinangop tukapanda bondeni.

Mbegu zangu hazikuwa na kosa lolote.

Hilo ndilo lililonijia kwanza, na nilifurahi nalo kabla sijakumbuka maana yake. Maana yake ni kwamba mche wa mwisho ukipandwa juu, karibu na ukuta wa jiko wenye joto la moto, utaishi. Ukipandwa chini utakufa, na mama atarudi nami Garsen. Na hakuna wa kuniuliza. Ningekaa kimya tu. Mama mwenyewe angeubeba, angeushusha bondeni kwa mikono yake, mimi nikamshikia jembe.

Niliporudi juu nilimkuta mdogo wangu mlangoni amejifunga shuka, anapiga miayo.

"Umeona kulivyo?" akasema. "Si nilikwambia, dada. Mti wa kwetu utaishi vipi hapa? Leo baba watoto anapiga simu, waulete ule wa Nairobi."

Niliingia jikoni, nikachukua kopo, nikachukua jembe la bibi mkwe nyuma ya mlango. Kama angekuwa amelala dakika chache zaidi labda ningekuwa na akili nyingine. Sijui. Nilikwenda nyuma ya jiko nikaanza kuchota udongo, si kuchimba shimo, kuinua tuta, kama tunavyoinua kizingiti cha nyumba kwa ajili ya maji. Nikapanga mawe upande wa ukuta, yakae na joto la mchana. Nilikuwa nalima kwa hasira kiasi kwamba nilivua koti.

Mama alinifuata. Alisimama na kopo nililokuwa nimeliweka chini, amelikumbatia kifuani.

"Mbona huku juu?"

Nikamwonyesha bonde. Nikamwonyesha mstari. Mama aliufuata kwa macho mpaka kijitoni. Amekimbia mafuriko mengi kuliko mimi, hakuhitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo utashika," akasema.

"Utashika. Usiku uufunike na gunia, asubuhi ulitoe. Mwaka huu na mwaka ujao. Ukishapata kiuno, shina likanenepa, hautahitaji."

"Na unajua ukishika itakuwaje."

"Najua, mama."

"Chumba umeshakijenga."

"Nimekijenga."

"Sasa mbona unaupanda?"

Nilikuwa na majibu mazuri ya kumpa. Ningesema nataka apumzike, kifua chake kimepona, ana rafiki. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililonifanya nishike jembe. "Kwa sababu mbegu zangu si dhaifu," nikamwambia. "Na hutanunuliwa mkindu dukani mimi nikiwa hai."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Wewe tangu utotoni," akasema, "ungemwachia mwenzako nguo, ilimradi asiseme ilishonwa vibaya." Kisha akapiga magoti kwenye udongo na koti lake zuri, akautoa mche kwenye kopo, nao ukatoka mzima na mzizi wake mrefu mweupe, akaniwekea mkononi. Nikaupanda. Yeye akashindilia udongo kwa viganja.

Nilirudi Garsen peke yangu. Jirani alikuwa ameshaandaa maziwa mengine. Alinitazama nikishuka na mfuko mmoja, akawanywesha watoto wake. Kesho yake ndiyo aliniambia mimi ni mjinga. Nikamwambia najua.

Mche ulipita msimu wa baridi. Nikaletewa picha, gunia juu yake kama mtoto kafunikwa shuka. Ukapita msimu mwingine. Kila nilipoona jina la mama kwenye simu niliiacha iite mara mbili tatu, nikitaka mkindu uwe hai kwa ajili ya jina langu, nikitaka uwe umekufa kwa ajili yangu mimi. Siku aliyonipigia kusema limetoka jani lililochanika, alilia. Nami nikalia, sikumwambia ninalia nini. Mashangazi wakapashana habari Ndera nzima. Amefika.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Juzi mdogo wangu akanipigia, mchana, wakati ambao huwa darasani. Hakuwa na ile sauti ya chekechea.

"Dada, hivi umemwambia nini mama kuhusu huo mkindu?"

"Sijamwambia kitu. Kwani vipi?"

"Kila mgeni anayeingia hapa anashikwa mkono anapelekwa nyuma ya jiko. 'Huu ameupanda binti yangu mkubwa wa Garsen. Huyo ndiye ana mikono.' Mchungaji kapelekwa. Wazazi wa shule yangu wamepelekwa. Leo kaamka anaumwa, nimeomba ruhusa kazini nikae naye, nimemkanda, nimempikia uji, nimemfunga vifungo vya koti. Akaja jirani kumjulia hali. Unajua kamwambia nini? Kamwambia, 'Nitolee gunia kwenye mkindu wa mwanangu.' Mwanangu, eti! Na mimi niliyesimama pale na bakuli ni nani?"

Nilimsikia anavuta pua. Mtoto wa kichwa cha kambare, ananionea wivu mimi. Sitadanganya, niliyala maneno yale kama halua, taratibu, nikayarudia kichwani ili nisisahau hata moja. Miaka yote nilitaka asikie hata kidogo ninavyosikia mimi. Sasa amesikia.

Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda cha mama wakati huo, huwa napokelea simu pale kwa sababu mtandao ni mzuri, na kila nikijigeuza nailoni ya godoro inalia chini yangu.

"Basi tubadilishane," nikamwambia. "Sifa zote za mkindu chukua wewe. Waambie wageni umeupanda wewe, mimi sitakukana. Nirudishie mama."

Alicheka, akifikiri ni utani wangu wa siku zote. Mimi sikucheka. Akasikia kuwa sicheki, naye akaacha, na tukabaki hivyo kwenye simu, kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake.